Maagizo kwa Jirani Anayebaki na Vyungu

Kalsom, ufunguo uko chini ya tofali la pili.
La kwanza nimewaachia wezi.
Basi la Kuching laondoka alfajiri.
Wanasema mtoto wa jicho hubanduliwa kama ganda la kitunguu,
siku tatu tu, kisha nitarudi Sibu na kitambaa usoni.
Siku tatu kwako wewe.
Kwa hivi vyungu vya kima ni mwaka wa kiangazi.

Maji ni ya mvua. Pipa la buluu.
Ya bomba yana dawa, na mizizi hii haisahau.
Usiione huruma ukaitilia mbolea.
Mmea uliozoea dhiki ukiulisha miguuni
hunenepa majani tu, chungu hautoi hata kimoja.
Namjua mtu wa namna hiyo. Nawe wamjua. Tuyaache.

Joto usiliogope.
Saa nane mchana, bati likialika juu,
nawe umejilaza sakafuni na kanga ya maji kifuani,
hiyo ndiyo saa yake ya kunawiri.
Shemeji aliwahi kunishushia mmoja wa milimani,
mwekundu, mdomo una meno kama kitana.
Niliulaza na chupa za barafu, usiku baada ya usiku, miezi minne.
Kila nikiamka naukuta umejikunyata zaidi.
Ulikufa ukiitafuta baridi ya kwao.
Tangu hapo simbembelezi mgeni asiyetaka kukaa.

Hii ya tambarare haiombi ila jasho la hewa.
Loweka gunia, litandike. Nyunyizia ukuta.
Banda liwe zito kama jiko la kuchemshia mashuka.

Kile chenye meno mawili chini ya kifuniko,
pale kando ya mashine ya kufulia,
usikishike kikonyo. Kina wapangaji:
chungu ndani ya chungu, na wanauma kuliko jina lao.
Na vile vya duara, vilivyokaa chini
kama mayai ya kuku asiye na mwenyewe,
hivyo nyama havitaki sana. Hula majani makavu yanayovidondokea.
Kwa hiyo fagio lako, tafadhali, liishie mlangoni.
Najua kwenu mnavijaza mchele na tui mkavipika.
Vya sokoni vipo, Kalsom. Nimevihesabu hivi.

Jumatano atakuja Bwana Rosli wa afya,
tochi mkononi, faini mfukoni.
Atasema, mwaga maji haya, ni mazalio ya mbu.
Simama kizingitini. Wewe ni mpana, Mungu akubariki.
Mpe karatasi yake mwenyewe ya mwezi wa Machi,
alipopima kijiko kwa kijiko asiwapate wale wa homa.
Ipo nyuma ya picha ya Jelian.

Yeye ndiye aliyeuleta wa kwanza.
Buldoza lilikuwa limeegeshwa linasubiri dizeli,
akashuka kinamasini, akang'oa mche, akautia kofiani.
Alifika nyumbani kichwa wazi, matope hadi kiunoni,
akasema, nimechelewa, nilikuwa na abiria.
Leo pale ni michikichi, mstari kwa mstari,
hata chura hana pa kuuliza njia.

Jambo la mwisho.
Kwenye ule mkubwa, jani la nne kutoka juu,
kipo kimoja hakijafunguka.
Nakipapasa kila asubuhi: kimejaa, kigumu,
kifuniko kimebana kama kope ya mtoto anayejifanya kalala.
Usikisaidie kwa ukucha.
Kikifunguka nikiwa sipo, kiache,
wala usinipigie simu kunisimulia rangi.
Miaka sita vyote kwangu vimekuwa moshi,
nimevilea kwa vidole na kwa kunusa.
Hiyo rangi niache nikutane nayo mwenyewe.

Samaki wa chumvi yuko kwenye friji, umle kabla ya Alhamisi.

Rinda